Maswali ya Wasomaji: Mambo ya Chumbani Mbele ya Daktari

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja. Mtu anaingia kwa daktari wa wanawake akiwa na tatizo la unyumba, anatoka na dawa ya U.T.I. kwa sababu yeye hakulitaja na daktari hakuuliza. Tumechagua barua nane. Majina tumeyaondoa na zilizokuwa ndefu tumezifupisha. Katika majibu maungo tumeyaita kwa majina yake: uke, kinembe, uume. Kwa mafumbo hatungeweza kuwajibu sawasawa.

Naishia kusema kiuno kinaniuma

*Shikamoo daktari. Nina miaka 31 na watoto wawili. Tendo la ndoa linaniuma kwa ndani, huu mwaka wa pili. Kila nikienda hospitali namkuta daktari wa kiume, kijana, naishia kusema kiuno kinaniuma. Nimepigwa picha ya mgongo mara mbili. Bibi yangu husema mficha uchi hazai, lakini mdomo haufunguki. Nianzeje? — Mama wa wawili, Tanga*

Marahaba mama. Anza na hilo hilo, kabla ya kueleza jingine lolote, maana linalosemwa mtu ameshainuka kwenye kiti halipati muda. Sema hivi: "Daktari, nikishiriki tendo la ndoa naumia kwa ndani, tangu mwaka juzi." Basi, umeshaanza. Ikiwa ulimi bado mzito, liandike kwenye karatasi au kwenye simu umpe asome. Hakuna daktari atakayeshangaa.

Ukitaka kuonwa na mwanamke, omba pale mapokezi kabla hujaitwa, kwa sababu foleni hupangwa hapo. Asipokuwepo, omba muuguzi wa kike asimame nawe wakati wa kupimwa. Hiyo ni haki yako, na humkosei daktari kwa kuiomba.

Ukishalitaja, atakuuliza mambo haya, kwa hiyo uwe na majibu: unaumia mlangoni mwa uke au ndani kabisa? Kila mara, au mikao fulani tu, au siku fulani za mwezi? Maumivu yanaisha tendo likiisha au yanabaki hadi kesho yake? Una uchafu unaotoka, damu, au maumivu wakati wa haja kubwa? Hayo si maswali ya udaku. Maumivu ya mlangoni humpeleka daktari kwenye fangasi, ukavu, kovu au misuli inayobana. Maumivu ya ndani humpeleka kwenye maambukizi ya mirija na kizazi, uvimbe wa kizazi, uvimbe wa maji kwenye ovari, au endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake. Yanayozidi karibu na hedhi humfanya aifikirie endometriosisi. Yenye homa na uchafu wenye harufu humfanya ayafikirie maambukizi, na hapo mwenzi wako naye lazima atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Picha ya mgongo huonyesha mifupa. Mirija na ovari haionyeshi, kwa hiyo picha zako mbili hazikuwa na la kusema. Unachohitaji ni kupimwa kwa mkono, kuangaliwa shingo ya kizazi, na ultrasaundi ya nyonga. Kojoa kabla ya kupimwa kwa mkono, kwani kibofu kilichojaa huuma kikibonyezwa na kumdanganya mpimaji.

Aliniuliza mbele ya mama

*Nina miaka 22, sijaolewa. Hedhi yangu imevurugika na tumbo linauma upande mmoja. Daktari akaniuliza kama nimewahi kufanya mapenzi, na mama amekaa pembeni. Nikasema hapana. Ukweli ni ndiyo. Swali lile lilikuwa la nini? — Binti, Morogoro*

Binti, rudi leo au kesho, peke yako, useme: "Lile swali nililijibu vibaya kwa sababu mama alikuwepo." Tunakuharakisha kwa sababu hedhi iliyovurugika pamoja na maumivu ya upande mmoja yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mimba hiyo ikipasua mrija, damu humwagika tumboni na mtu huweza kufa. Kipimo cha mkojo huchukua dakika chache. Ukisikia kizunguzungu, au maumivu makali yanayopanda hadi begani, usingoje kesho.

Swali lenyewe lilikuwa sahihi. Jibu lake ndilo linaloamua kama utapimwa mimba, kama utapimwa klamidia (ambayo mara nyingi haina dalili na huharibu mirija kimyakimya), na pia ni ultrasaundi ipi utafanyiwa. Ile ya kupitia ukeni haifanywi kwa msichana ambaye hajawahi kuingiliwa. Yeye hupimwa kwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa maji.

Kosa lilikuwa kuliuliza mama akisikia. Daktari alipaswa kumwomba mama atoke dakika tano, na hilo husemwa kwa heshima: "Mama, utaratibu wetu kila mgonjwa namwona kwanza peke yake." Una miaka 22. Siri ya matibabu yako ni yako, na mama huambiwa kwa idhini yako tu.

Kama wembe unapita

*Nimejifungua miezi minne iliyopita, niliongezewa njia nikashonwa. Arobaini ilipoisha tulijaribu, nikahisi kama wembe unapita. Kliniki wananiuliza mtoto na chanjo tu. Mume wangu anadhani simtaki. — Mama anayenyonyesha, Kahama*

Pole sana, dada. Hapa kuna mambo mawili na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ukavu. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hushusha estrojeni. Estrojeni ikishuka, ukuta wa uke huwa mwembamba na ute hupungua, hata kama moyo unamtaka mume. Mwambie mumeo hivyo hivyo: ukavu huu unatokana na maziwa ya mtoto. Usiache kunyonyesha, hali hurudi yenyewe kadiri mtoto anavyopunguza titi. Kwa sasa tumia kilainishi cha maji kinachouzwa famasi, K-Y Jelly kwa mfano. Paka kama nusu kijiko cha chai mlangoni mwa uke na kiasi hicho hicho kwenye uume, ongeza kinapokauka. Mate hukauka haraka mno. Vaselini, mafuta ya nazi na mafuta ya mtoto hudhoofisha mpira wa kondomu ukapasuka, kwa hiyo anayetumia kondomu asiviguse.

La pili ni kovu. Muuguzi au daktari aguseguse mlango wa uke kwa kijiti chenye pamba, sehemu kwa sehemu kama saa inavyozunguka, huku wewe ukimpa alama kutoka 0 hadi 10. Pakitokea nukta moja inayoruka hadi 8 ilhali jirani zake ni 1, tatizo liko kwenye kovu: uzi uliobaki, nyama changa iliyoota, au mshono uliovuta. Nyama changa huchomwa kwa dawa hapo hapo kliniki. Kovu lililokaza hukandwa. Nawa mikono, kata kucha, tia kilainishi, ingiza kidole gumba sentimita 2 hadi 3, bonyeza kuelekea njia ya haja kubwa mpaka usikie kuvutika, si maumivu, shikilia dakika moja. Kisha telezesha kushoto na kulia kwa umbo la U. Dakika 5 kwa siku zinatosha. Usianze kabla hujaambiwa kidonda kimefunga.

Nenda haraka, bila kungoja tarehe ya kliniki, kama hewa au kinyesi vinatokea ukeni, au una usaha, au homa.

Halafu usisahau mimba. Kunyonyesha kunakinga vya kutosha ikiwa tu masharti matatu yapo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya titi tupu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, chagua njia nyingine.

Mlango unajifunga

*Assalaam alaykum. Ndoa yetu ina miezi tisa. Kila tukijaribu, mapaja yanabana yenyewe na mlango unajifunga. Somo wangu alinifunda yote, si kwamba sijui. Nyumbani wanasema ni jini mahaba, nimeshasomewa. Daktari alinipima kwa nguvu, nikapiga kelele, akaniambia nilegee. Mawifi wanauliza mimba. — Bi harusi, Unguja*

Waalaykum salaam, mwanetu. Unavyoeleza hivyo ndivyo vajinismasi inavyoelezwa vitabuni: misuli inayouzunguka mlango wa uke hujikaza yenyewe kwa kutarajia maumivu, kama jicho linavyofumba mkono ukiletwa usoni. Hujikazi kwa makusudi, ndiyo maana kukuamuru ulegee hakukusaidia. Kisomo kikikutuliza, endelea nacho, hakigombani na tiba. Ila misuli ina mafunzo yake nayo lazima iyapate.

Kukupima kwa nguvu lilikuwa kosa, tena kosa linalozidisha ugonjwa. Siku ya kwanza mnaweza mkazungumza tu, nguo mwilini. Siku ya kuangaliwa, mwambie daktari: "Nikisema basi, unatoa mkono." Aanze kwa kuangalia nje, ili kujua kama pana ngozi inayoziba au kugawa uke, kidonda, fangasi, au kovu la kukeketwa. Hayo hutibiwa kwanza. Unaweza hata kuingiza kifaa cha kupimia wewe mwenyewe, kile kidogo kabisa.

Mafunzo yenyewe huenda hivi. Kwanza mnakubaliana na mumeo kwamba kuingiliana kumesimama. Yote mengine ruksa, hilo moja hapana, mpaka wewe useme. Bila sharti hili hakuna kitakachosonga, kwa sababu mwili utakuwa unalinda mlango kila usiku. Kisha unajifunza kuisikia misuli: kaza kama unayezuia mkojo sekunde 5, achia sekunde 10, mara 10. Kinachotakiwa hapa ni kule kuachia. Hapo chukua kioo ujitazame, ujue mlango uko wapi. Baada ya siku kadhaa, ncha ya kidole chako yenye kilainishi, ukipumua nje polepole na kusukuma kidogo kama anayetaka kujamba, kwani kusukuma huko hufungua misuli. Kibaki hapo dakika 5 bila kuchezeshwa. Ikizoea, kidole kizima. Ikizoea tena, viwili, au vipanuzi vya silikoni vinavyopangwa kuanzia unene wa kidole kidogo. Dakika 10 hadi 15, siku nne au tano kwa wiki. Kidole cha mume hufuata, wewe ukiongoza mkono wake. Mwisho ni tendo, wewe ukiwa juu, ukiamua kasi na kina.

Mara nyingi kinachoharibu ni haraka ya kuruka hatua. Jaribio moja la maumivu laweza kukurudisha nyuma wiki kadhaa. Kama pana mtaalamu wa fiziotherapi anayeshughulikia nyonga, omba rufaa.

Kuhusu mimba: ukienda kliniki ya uzazi, sema mapema kwamba tendo halijakamilika. Wanawake wengine huandikiwa vidonge vya kupevusha mayai miezi kadhaa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza kama uume unaingia.

Damu baada ya tendo

*Nina miaka 38. Nikikutana na mume wangu natokwa damu kidogo, si siku za hedhi. Haiumi. Nisubiri? — Mbeya*

Usisubiri, dada. Nenda wiki hii. Inaweza kuwa maambukizi ya shingo ya kizazi au kinyama kidogo kisicho na hatari, lakini ndivyo pia saratani ya shingo ya kizazi inavyojitangaza, tena mwanzoni bila maumivu. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania.

Ukifika usiseme umekuja "kucheki tu". Sema damu inatoka baada ya tendo, maana neno hilo hubadilisha kipimo. Kwa asiye na dalili, shingo ya kizazi hupakwa siki, yaani asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, husubiriwa dakika moja, na panapogeuka peupe hutiliwa shaka. Mwenye uvimbe au kidonda kinachoonekana kwa macho hakatiwi shauri kwa siki: hukatwa kinyama kikapelekwa maabara.

Wakikutibu kwa kugandisha au kuchoma sehemu hiyo, utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na tendo lisimame wiki 4. Muulize daktari akwambie wazi, tena mbele ya mumeo kama unataka. Na kirusi cha HPV kinachosababisha haya hukaa mwilini miaka bila dalili. Kupatikana leo hakuthibitishi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa mwaka huu. Ndoa zinavunjika kwa kutolijua hili, na inatuuma, kwa sababu lingesemwa kwa nusu dakika pale kliniki.

Sisi watoa huduma tuulizeje?

*Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 27. Najua napaswa kuuliza mambo ya kujamiiana, ila wanaokuja wengine ni rika la mama yangu. Naona kama nawavunjia heshima. Foleni ndefu, na chumba kimegawanywa kwa pazia. — Kilifi*

Asante kwa kuuliza, ndugu yetu. Jibu lako tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu wewe ukiuliza vizuri, wenye barua kama hizi watapungua.

Salimu kwanza, ipasavyo. Shikamoo haikupunguzii utaalamu, na mama aliyeamkiwa hujua kwamba linalofuata litasemwa kwa adabu. Kisha mpe sababu na mjulishe kwamba hayuko peke yake: "Mama, akina mama wengi wenye sukari hupata ukavu au maumivu wanapokutana na waume zao. Kwako ikoje?" Linganisha na "Una tatizo lolote la tendo la ndoa?" Hilo la pili hujibiwa hapana, na mlango umefungwa.

Chagua neno kufuatana na mtu. "Tendo la ndoa" ni la heshima, lakini ukimuuliza msichana asiyeolewa kama anashiriki tendo la ndoa atasema hapana, na atakuwa hajasema uongo: ndoa hana. Kwake tumia "kukutana kimwili" au "kufanya mapenzi", na useme "mwenzi" badala ya "mume". Neno mwenzi halimhukumu yeyote, hata yule ambaye mwenzi wake si uliyemdhania. Akikuambia "huko chini", usiandike hivyo. Mwonyeshe mchoro wa nyonga aguse kwa kidole, kwani "huko chini" inaweza kuwa kibofu, kinembe, uke au njia ya haja kubwa, na dawa zake hazifanani. "Kiuno", "nyonga" na "chini ya kitovu" nayo mara nyingi ni pazia la jambo jingine. Yachunguze.

Wakati wa kuuliza ni kabla ya kupima, amekaa kitini, amevaa nguo. Kamwe usiulize mambo ya unyumba mgonjwa akiwa amelala miguu wazi na mkono wako uko ndani. Swali lile lile, mahali pale, hugeuka kuwa jambo jingine kabisa. Pazia halizuii sauti. Washa feni, sogeza kiti chako kiwe ubavuni mwake badala ya ng'ambo ya meza, teremsha sauti, na wanaosubiri wakae mbali na pazia.

Muda usikutishe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Annon, aliweka mwaka 1976 ngazi nne ambazo bado zinafundishwa. Ya kwanza ni ruhusa: kumwonyesha mgonjwa kwamba jambo hili linazungumzika hapa. Ya pili, maelezo mafupi, kama lile la prolaktini na ukavu. Ya tatu, ushauri mahususi: kilainishi, mkao, kubadilisha dawa. Ya nne ni tiba ya kina, ambayo ni ya mtaalamu. Kwenye foleni yako unahitaji mbili za kwanza tu, dakika tatu, na tarehe ya kurudi siku isiyo na msongamano.

Orodhesha dawa anazomeza. Baadhi za presha na nyingi za sonona hupunguza hamu au huchelewesha kufika kileleni, na mgonjwa huziacha kimya kimya. Uliza anavyojisafisha. Uke hujisafisha wenyewe. Una asidi kati ya pH 3.8 na 4.5 inayotunzwa na bakteria wake. Sabuni ya ndani, ndimu, shabu na dawa za kukausha huua bakteria hao, huleta harufu ile ile inayokimbiwa, na huacha michubuko inayorahisisha virusi vya Ukimwi kuingia. Usimkaripie. Mwambie maji kwa nje yanatosha.

Penye ukeketaji, uliza kwa neno la jamii yake, "ulitahiriwa?", maana wengine huliona neno kukeketwa kama tusi juu ya mama zao. Kwa aliyeshonwa mlango, upasuaji wa kufungua hufanyika, na tendo huweza kuacha kuuma. Shirika la Afya Duniani linapinga kumshona tena baada ya kujifungua, hata akiomba yeye au mumewe.

Jambo la mwisho kwako ni daftari. Zahanati nyingi mgonjwa huenda nalo nyumbani, na nyumbani husomwa. Ukiandika "wapenzi 2" umemweka hatarini. Andika dalili na matibabu; mengine yabaki kwenye faili la kituo.

Umri huu nitaonekana sina haya

*Nina miaka 57, hedhi ilikoma miaka sita iliyopita. Mzee wangu bado ana nguvu, mimi naumia na mkojo unanichoma baadaye. — Bibi, Moshi*

Shikamoo mama. Kukoma hedhi hakukomeshi unyumba, na daktari anayejua kazi yake hatakushangaa. Estrojeni imeshuka, na sehemu ya uke na ile ya kutolea mkojo zote huitegemea, ndiyo maana zinachoma pamoja. Mkojo upimwe. Usipokuwa na bakteria, usikubali antibayotiki za kubahatisha kila mwezi. Kilainishi husaidia wakati wa tendo, na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni hutibu ukuta wenyewe: kwa kawaida kila siku wiki mbili za mwanzo, kisha mara mbili kwa wiki. Huandikwa na daktari. Mwambie kama umewahi kuwa na saratani ya matiti, au kama umetokwa na damu baada ya hedhi kukoma. Damu hiyo, hata tone, ichunguzwe kwanza.

Lipi ni swali, lipi ni uchafu?

*Daktari aliniuliza ni mkao gani unaniuma. Mwingine, hospitali nyingine, aliniambia nina mwili mzuri akaniomba namba ya simu. Nimechanganyikiwa, mpaka uko wapi? — Dar es Salaam*

Wa kwanza alikuwa kazini: maumivu ya mkao mmoja tu humsaidia kujua uvimbe uko upande gani. Angeulizwa sababu ya swali, angeieleza mara moja. Wa pili alivunja maadili. Sifa za mwili, maswali ya kama unafurahia tendo yasiyohusiana na ulichoendea, kupimwa bila glovu, kupimwa matiti au uke bila kuelezwa kwa nini, kuambiwa uvue nguo zote pasipo shuka ya kujifunika, na mlango kufungwa kwa ufunguo: hayo yote yanatosha kukufanya uinuke na kuondoka.

Andika siku ile ile tarehe, saa, namba ya chumba, maneno yaliyosemwa na nani alikuwa karibu. Tunza risiti na kadi. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa mganga mfawidhi wa hospitali, na nakala Baraza la Madaktari Tanganyika. Msomaji wa Kenya apeleke kwa baraza la madaktari la huko, KMPDC. Kama uliguswa, nenda polisi kwenye dawati la jinsia. Katika hali hiyo usioge na usifue nguo ulizovaa kabla ya kupimwa, na ufike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanza ndani ya muda huo tu.